Mji Gani Utakuachia Mshahara? Somo kwa Mwajiriwa Anayeishi Peke Yake katika Wilaya za Tarime na Serengeti

Somo hili linamhusu mlaji wa aina moja: mtu aliyemaliza masomo, akapata ajira katika Wilaya ya Tarime au Serengeti, hana mwenzi wala watoto wa kuishi nao, na sasa anatakiwa kuamua atapanga wapi. Anaweza kuwa mwalimu, muuguzi, mhasibu wa halmashauri, fundi sanifu wa mgodini au mpokea wageni katika hoteli ya kitalii. Kituo chake cha kazi kimekwisha kuamuliwa na mwajiri. Mahali pa kulala, pa kununua chakula na pa kutumia mshahara bado pamo mikononi mwake.

Swali ambalo walaji wa namna hii hutuuliza kwanza ni bei ya chumba. Ni swali la haki, lakini halitoshi. Mji ulio nafuu ni ule ambao, ukishalipa kodi ya nyumba, umeme, maji, chakula na nauli ya kwenda kazini, unakuachia sehemu kubwa zaidi ya mshahara wako, na ambao ukilazimika kuuhama baada ya miezi 3 haubaki na fedha zako. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo inayowaumiza wengi.

Anayeishi peke yake ana udhaifu ambao familia haina. Kodi ya chumba, ada ya dalali, taka, ulinzi na safari ya kwenda sokoni hazipungui kwa sababu yeye ni mmoja. Watu wawili wenye mishahara wakikaa nyumba moja hugawana gharama hizo. Yeye hana wa kugawana naye. Ana nguvu moja pia: hana shule ya watoto wala kazi ya mwenzi inayomfunga mahali, kwa hiyo anaweza kuchagua mtaa, kijiji au mji kwa hesabu tupu. Tunamshauri aitumie nguvu hiyo mapema, kabla hajanunua kitanda.

Mshahara unaofika mkononi

Hesabu ianzie kwenye fedha unayoipokea, wala si ile iliyoandikwa katika barua ya ajira. Tuchukue mtumishi wa umma mwenye mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi, aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mchango wake katika mfuko wa PSSSF ni asilimia 5, yaani shilingi 40,000. Zinabaki 760,000 za kutozwa kodi ya mapato, na kodi hiyo ni shilingi 68,000. Bima ya afya ya NHIF huchukua asilimia 3, yaani 24,000. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Kinachofika benki ni shilingi 548,000. Aliyepanga maisha yake kwa laki 8 amekwisha kupungukiwa na zaidi ya laki 2 na nusu kabla hajanunua hata kilo moja ya unga. Mwajiriwa wa kampuni binafsi aliyeandikishwa NSSF kwa kawaida hukatwa asilimia 10 badala ya ile 5, basi naye afanye hesabu yake upya.

Kuna jambo jingine. Mtumishi mpya aghalabu hungoja jina lake liingizwe katika orodha ya malipo ya mishahara, na mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa. Kabla ya kusafiri, muulize mwajiri kwa maandishi kama utalipwa posho ya kujikimu, ni ya siku ngapi, na italipwa lini. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama unaweza kumlipa mwenye nyumba wa Tarime kodi ya miezi 6, au utafute chumba cha kulipia mwezi mmoja mmoja hata kama ni cha bei kubwa kidogo.

Miji minne na kinachopandisha bei katika kila mmoja

Mji wa Tarime uko katika nyanda za juu, kwenye barabara kuu ya lami itokayo Mwanza kwenda mpakani Sirari. Vijiji vinavyouzunguka hulima ndizi, mahindi, maharage, mboga na kahawa. Kwa mtu anayejipikia mwenyewe hii ni faida kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu anaweza kununua mkono mmoja wa ndizi na fungu la mboga linalomtosha siku hiyo, bila kurundika vitu vitakavyooza. Magari ni mengi, hospitali ipo, na maduka yanashindana. Kinachopandisha kodi za nyumba hapa ni ukaribu na barabara kuu na na stendi. Ukisogea mitaa miwili mitatu ndani, bei hubadilika. Wapo wageni wanaokuja na hofu ya masimulizi ya zamani kuhusu Tarime na kukimbilia nyumba yenye ukuta na geti kwa bei yoyote. Tunawashauri walale wiki moja nyumba ya wageni, waulize ofisi ya serikali ya mtaa, watembee jioni, kisha waamue. Hofu isiyopimwa hulipiwa kila mwezi.

Sirari ni mji wa mpakani. Ng'ambo yake, upande wa Kenya, ni Isebania. Bidhaa za viwandani hupatikana kwa wingi, na mara nyingine kwa bei nzuri. Nafaka ni jambo tofauti. Mahitaji ya upande wa pili yakipanda, mahindi na maharage huvuka, na bei hupanda Sirari kabla haijapanda kwingineko wilayani. Ukisikia bei ikitajwa kwa gorogoro, kile kipimo cha bati kinachotumika sana Kenya, uliza ni kilo ngapi, na ikiwezekana pima. Vilevile usikubali kodi ya chumba itajwe kwa shilingi za Kenya. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 zinakataza kutaja bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazotolewa ndani ya nchi. Mwenye nyumba anayekutajia kodi kwa fedha ya jirani anakubebesha wewe hatari ya kupanda kwa thamani ya fedha hiyo, ilhali mshahara wako ni wa shilingi za Tanzania.

Nyamongo ni mji uliokua juu ya dhahabu. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na leo unaendeshwa na kampuni ya Barrick kwa ubia na Serikali kupitia kampuni ya Twiga. Vijiji vinavyouzunguka, kama Kewanja na Nyangoto, vina nyumba za kupanga zilizojengwa kwa kuangalia mshahara wa mgodini. Mwalimu na muuguzi wanaopanga hapo wanashindana na mtu anayelipwa vizuri kuliko wao, na mwenye nyumba analijua hilo. Lakini soko hilo lina upande wa pili: mkandarasi wa mgodi anapomaliza mkataba, wafanyakazi wake huondoka pamoja, na vyumba vingi hubaki wazi kwa wakati mmoja. Huo ndio wakati wa kujadiliana. Uliza majirani, wala si dalali, ni vyumba vingapi viko wazi katika nyumba hiyo na tangu lini. Swali la pili la Nyamongo ni maji. Mwaka 2009 Mto Tigithe ulichafuliwa na maji yaliyovuja kutoka mgodini, na tangu hapo wakazi wengi wamekuwa waangalifu. Uliza nyumba inapata maji kutoka chanzo gani na kama chanzo hicho kimepimwa. Ikiwa jibu ni kununua madumu, bei ya dumu iingie katika hesabu yako kama kodi nyingine.

Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, una tabia yake. Mazao na mifugo ya wilaya hupatikana kwa urahisi. Vitu vya dukani hubeba gharama ya lori lililovileta. Maji ya mji hutoka katika Bwawa la Manchira, na kama ilivyo kwa mji wowote unaotegemea bwawa, inafaa kuuliza hali yake wakati wa kiangazi. Mji unategemea kwa sehemu utalii wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo pilika zake huongezeka kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapokuwa kaskazini mwa hifadhi. Anayetafuta chumba katika miezi hiyo hukutana na ushindani ambao asingeuona Machi.

Kwa mwajiriwa wa kambi au hoteli ya kitalii, swali la kwanza si chumba kipi, bali kama anahitaji chumba. Waajiri wengi wa huko huwapa wafanyakazi malazi kazini kwa wiki kadhaa mfululizo, kisha likizo fupi. Mtu anayekaa kazini wiki 6 na kupumzika wiki 2 analipia chumba cha Mugumu siku 56 ili alale humo siku 14. Akigawana chumba na mwenzake wa zamu ya pili, ambaye yuko likizo wakati yeye yuko kazini, gharama hupungua nusu na chumba hakibaki tupu kikingoja mwizi. Makubaliano hayo yaandikwe, na majina yote mawili yawemo katika mkataba wa upangaji. Mwenye nyumba asipojua kuna mpangaji wa pili, ana haki ya kulalamika.

Hesabu ya Nyamwaga

Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime yako Nyamwaga, kwenye barabara ya kutoka mjini Tarime kwenda Nyamongo na hatimaye Mugumu. Mtumishi aliyepangiwa hapo ana njia tatu: kupanga mjini Tarime na kusafiri kila siku, kupanga Nyamongo, au kupanga hapo hapo Nyamwaga. Tuzipime kwa tarakimu za mfano. Msomaji aweke bei atakazozikuta mwenyewe. Tunachofundisha ni namna ya kuhesabu.

Tuchukulie chumba cha Tarime ni shilingi 60,000 kwa mwezi, cha Nyamongo ni 100,000, na cha Nyamwaga ni 40,000. Tuchukulie pia nauli ya gari kati ya Tarime na Nyamwaga ni 2,500 kwa safari moja, na kati ya Nyamongo na Nyamwaga ni 1,500. Siku za kazi ni 22.

Anayekaa Tarime hutumia nauli ya shilingi 110,000 kwa mwezi. Ukijumlisha na kodi, anatumia 170,000. Anayekaa Nyamongo hutumia nauli ya 66,000. Jumla yake ni 166,000. Basi kile chumba cha 60,000 na kile cha 100,000 vinagharimu karibu sawa, na aliyechagua Tarime kwa sababu ya bei ya chumba amedanganywa na tarakimu moja. Anayekaa Nyamwaga huenda kazini kwa miguu. Hata akienda Tarime kila Jumamosi kununua mahitaji, mara 4 kwa mwezi, nauli yake ni 20,000 na jumla yake ni 60,000.

Tofauti ya 110,000 kwa mwezi ni sehemu ya tano ya ile 548,000 tuliyoipata juu. Hata hivyo hatusemi kila mtu akae Nyamwaga. Mtu anayesoma masomo ya jioni kwa intaneti, anayehudhuria kliniki mara kwa mara, au asiyeweza kuishi bila marafiki karibu, atajikuta anasafiri mara 12 kwa mwezi badala ya 4, na hesabu itabadilika. Upweke nao una bei. Mara nyingi hulipwa kwa nauli na vocha. Tunachosema ni kwamba nauli iandikwe katika mstari mmoja na kodi. Iandikwe pia nauli ya siku ya mvua, kwa sababu penye vumbi gari hupungua wakati wa masika, na bodaboda hupandisha.

Kodi ya miezi sita

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Katika miji yetu ni desturi mwenye nyumba kudai kodi ya miezi 3, 6 au hata 12 kwa pamoja. Wapo wanaoamini kuwa Serikali imeweka kikomo cha kodi au cha malipo ya awali. Ile Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano kati ya mpangaji na mwenye nyumba. Maana yake ni kwamba ulinzi wako mkubwa ni karatasi mtakayotia saini.

Rudi kwa mtumishi wetu. Chumba cha 60,000 kwa miezi 6 ni 360,000. Dalali kwa desturi hudai kodi ya mwezi mmoja, basi jumla ni 420,000, zaidi ya robo tatu ya mshahara wake wa kwanza, kabla ya godoro, jiko na ndoo. Ndipo wengi huingia katika mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu, au mikopo ya kwenye simu. Kabla ya kukopa popote, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu ya Tanzania chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Mkopo wa kulipia kodi ya chumba ukishaingia, chumba hicho si cha bei nafuu tena, hata kama majirani wote wanakisifu.

Sasa tuseme umelipa miezi 6, na mwezi wa pili mwajiri anakuhamishia kituo kingine. Je, zile 240,000 za miezi 4 iliyosalia ni za nani? Jibu liko katika namna mkataba ulivyoandikwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, upangaji usiotaja muda wake wala notisi huhesabiwa kuwa ni wa vipindi, na kipindi ni kile ambacho kodi hulipwa kwacho. Notisi ya kuuvunja ni kipindi kimoja. Kwa hiyo karatasi inayosema "kodi ni shilingi 360,000 kwa miezi 6" inampa mwenye nyumba hoja ya kusema kuwa kipindi chenu ni miezi 6. Karatasi inayosema "kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na mpangaji amelipa miezi 6 mbele" inakupa wewe hoja ya mwezi mmoja. Fedha ni ile ile. Sentensi ndiyo iliyobadilika.

Tunapendekeza maneno haya yaingie katika kila mkataba wa upangaji wa mwajiriwa anayeweza kuhamishwa:

"Kodi ni shilingi ………… kwa mwezi. Mpangaji amelipa miezi ……… kwa kutanguliza. Mpangaji akihamishwa kikazi, atatoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, na mwenye nyumba atamrudishia kodi ya miezi iliyotangulizwa ambayo hakuitumia, ndani ya siku 30 baada ya kukabidhi funguo."

Mwenye nyumba akikataa sentensi hiyo, usigombane naye. Mwombe akubali miezi 3 badala ya 6, hata kama ataongeza 5,000 kwa mwezi. Kwa miezi 6 nyongeza hiyo ni 30,000. Kwa mtu ambaye hajui kama atadumu kituoni, ni bima ya bei ndogo. Wapo wenye nyumba waungwana wanaokubali mara moja, hasa wale ambao vyumba vyao vimekaa wazi, na wapo wanaokasirika kuombwa karatasi. Hasira hiyo ni taarifa muhimu. Afadhali uipate kabla ya kulipa.

Lipa kwa benki au kwa simu, kwa jina la mwenye nyumba mwenyewe, ili kumbukumbu ibaki. Ukilipa taslimu, dai stakabadhi yenye tarehe, kiasi na miezi inayolipiwa. Usimlipe dalali kodi ya mwenye nyumba. Hakikisha kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji kwamba anayejiita mwenye nyumba ndiye kweli, kwa sababu katika nyumba za urithi ndugu wawili wanaweza kukupangisha chumba kimoja, kila mmoja kwa nia njema, nawe ukalipa mara mbili.

Mita ya umeme

Watu husahau kuuliza mita, na ni kosa la gharama. Katika bei za umeme zinazotumika, mteja wa majumbani aliye katika daraja la matumizi madogo, D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja wa daraja la kawaida, T1, hulipa shilingi 292 kwa uniti. Bei zote hizo ni kabla ya kodi na tozo, ambazo huongeza takriban asilimia 22.

Mtu mmoja mwenye taa, simu, pasi na redio anaweza kutumia uniti 25 kwa mwezi. Akiwa na mita yake katika daraja D1, atalipa 2,500, na pamoja na kodi na tozo ni kama 3,050. Lakini akiwa katika nyumba ya vyumba vinne vyenye mita moja, wapangaji wote kwa pamoja hutumia uniti 100, wanazidi kiwango cha D1, na mita yao ikiwa katika T1 zile zile uniti 25 zinamgharimu takriban 8,900. Kwa mwaka, tofauti inafika shilingi 70,000. Hapo hatujahesabu ugomvi wa jirani mwenye friji na jiko la umeme anayechanga sawa na wewe. Kwa hiyo chumba cha 65,000 chenye mita yake kinaweza kuwa bora kuliko cha 60,000 cha mita ya pamoja.

Pamoja na uniti, ukinunua umeme unakatwa kodi ya majengo. Utaratibu wa kuikusanya kupitia LUKU ulianza Agosti 2021, na tangu Julai 2023 kiwango cha nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, wala si ya mpangaji. Anayenunua umeme ndiye anayeitoa kwanza, basi ana haki ya kuomba ipunguzwe katika kodi ya nyumba. Ni shilingi 18,000 kwa mwaka. Hifadhi ujumbe wa manunuzi wa kila mwezi, kwa kuwa ndio ushahidi wako, na liandikeni jambo hili katika mkataba.

Safari ndefu

Kwa ambaye nyumbani kwao ni mbali, nauli ya likizo ni sehemu ya gharama ya mji. Viwango vya LATRA vilivyotangazwa Desemba 2023 viliweka nauli ya basi la masafa marefu la daraja la kawaida kuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa abiria, na daraja la kati 67.84. Kwa kila kilomita 1,000, kwenda tu, hiyo ni shilingi 48,470 au 67,840. Ukitozwa zaidi ya kiwango kinachotumika siku hiyo, dai tiketi inayoonyesha kiasi halisi ulicholipa. Tarime ina faida ya kuwa kwenye barabara kuu. Anayetoka Mugumu kwenda Arusha kwa basi linalokatiza hifadhini aulize mapema kama ada ya kuingia hifadhini imo katika nauli. Matibabu ya kibingwa nayo hudai safari ya Musoma, kwenye Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, au ya Bugando, Mwanza. Mwenye maradhi ya kudumu ahesabu safari hizo kwa mwaka mzima.

Pa kupeleka lalamiko

Mgogoro wa upangaji uanzie kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi. Ukishindikana, upelekwe Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lalamiko la umeme au maji lianzie kwa mtoa huduma, kwa maandishi, kabla ya kufika EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za EWURA, yaani EWURA CCC, humsaidia mlaji kuliandaa. Nauli ni LATRA. Mizani, debe na mitungi ya gesi iliyopungua uzito ni Wakala wa Vipimo. Bidhaa bandia na masharti ya udanganyifu katika mauzo ni Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Popote uendapo, chukua nakala ya mkataba, stakabadhi, ujumbe wa LUKU na tarehe za matukio. Ofisi yoyote kati ya hizo itakuuliza karatasi kwanza.